Daftari la Mchango

Ukurasa wa kwanza niliuandika kwa penseli
kwa sababu sikuamini.
"Mwanamkuu Singano, fomu ya ubunge,"
na chini yake: Mama Semboja, mia tano.
Chausiku wa brashi, elfu moja, nusu ataleta kesho.
Kihiyo mlinzi, mayai sita.
Mayai niliyauza mwenyewe sokoni Pongwe,
moja likanivunjikia, nikalilipa.

Usije ukadhani tulikuwa na imani kubwa.
Tulikuwa na hasira, na hasira haina gharama kuichangisha.
Mwaka ule maji ya mkonge yalituwasha hadi makwapani,
glavu zikawa ahadi ya kila Jumatatu,
na wewe, mwenye vidole vinane,
ukapanda juu ya robota la singa ukamwambia meneja:
"Viwili korona yenu imekula. Nadai risiti."

Watu wakacheka. Mimi nikaficha uso kwa kanga.
Kicheko kile ndicho kilichokupeleka Dodoma,
si ilani, wala si bendera.

Mjini walikusema.
Chumbageni wakauliza huyu kasoma wapi.
Ngamiani, barabara ya kumi na nne, kinyozi akaapa
kwamba mtu wa korona akiingia bungeni atauza hata kiti.
Wengine wakatutupia msemo wetu wenyewe,
waja leo, waondoka leo,
kana kwamba mgeni ni wewe uliyezaliwa kambini,
si wale wanaotujia kila baada ya miaka mitano
na kofia, na chumvi, na majina yetu wamebandikiwa viganjani.

Mshindani wako alileta magari tisa na pilau.
Tulikula. Niliandika na hilo:
"Pilau, sahani mbili, hatudaiwi."

Usiku wa kuhesabu kura nilikukuta darasa la tatu,
umejibana kwenye dawati la watoto, magoti yamekwama.
Karatasi ya matokeo imebandikwa mlangoni,
nje vigelegele,
nawe ukaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechelewa kazini:
"Kesho zamu yangu ataishika nani?"

Tukakuona kwenye runinga ya mkahawa.
Gauni la Chausiku, limekubana mabegani.
Msahafu umeushika kwa mkono ule wa vidole vitatu.
Hakuna aliyekunywa chai mpaka ulipoketi.

Kisha ile siku ya kuchangia.
"Mheshimiwa Spika," ukasema,
ukanyamaza.
Nilihesabu sekunde tisa.
Mbele ya korona, sekunde tisa ni majani mengi mno,
na kidole.
Halafu ukaanza: glavu, maji, ujira, kidonda cha Mama Semboja,
ukaenda kasi kama unayekimbizwa na mkanda wa mashine,
hadi kengele ikagonga, wakakuambia muda wako umekwisha,
nawe ukashukuru.
Ukashukuru!

Lakini nilikusikia, shoga.
Ulisema "wafanyakazi wale."
Wale.
Neno dogo, silabi mbili tu.
Nimeliandika, ila sijui niliweke safu gani,
ya tulichotoa
au ya tulichopata.

Desemba ukaja, gari likanasa kwenye tope la kambi,
ukashuka, ukavua viatu, ukasukuma pamoja nasi.
Jioni ukaniomba daftari: "Nimlipe kila mtu chake."
Bahasha ilikuwa nene. Niliiona.
Nikalikalia daftari.

Ukilipa tutakuwa tumemalizana, Mwanamkuu,
na mimi sitaki tumalizane.
Kaa humo humo, kati ya mayai na mia tano,
jina lako bila cheo.
Lile la penseli limeanza kufifia;
jana nimelipitia kwa wino.

Chausiku bado hajaleta ile nusu.