Betri ya Tatu

Shela lilipoinuliwa, flashi ikakohoa.
Haikuwaka. Ilikohoa tu, tiki,
kama shahidi aliyesimama akasahau alichokiona.
Mwanamkasi akainua uso, akauinamisha,
vigelegele vikapanda, vikashuka,
na mimi nabonyeza, nabonyeza
katika giza la ukumbi wa Chumbageni.
Shangazi yake hakusema kitu.
Alitazama kamera yangu, kisha viatu vyangu.

Betri nne nilizichaji usiku kucha.
Usiku kucha! Ndiyo kosa lenyewe.
Ile chaja ya elfu sita, nyepesi kama ganda la njugu,
haijui mtu hushiba:
inalisha tu, nyekundu Isha, nyekundu Alfajiri,
asubuhi betri zina homa, hazishikiki.

Jumatatu, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa Shelukindo, duka lenye pazia la nyaya.
Mfukoni elfu arobaini,
na humo elfu kumi ni ya LUKU,
tusidanganyane.

Akanipangia tatu juu ya kioo.
Moja ya elfu tisa, ndugu wa ile ya nyumbani;
nikaisukuma kando.
Moja ya laki: inapima, inahesabu,
inakusomea betri imeficha nini moyoni.
Nikaishika kama unavyoshika mtoto wa tajiri,
nikairudisha.
Ya katikati haikuwa na maringo.
Vyumba vinne, taa nne. Elfu thelathini na tano.

"Ina akili?"
"Ina akili," akasema, "ya kutosha."
Akili haipokelewi kwa mdomo, nikamwambia.
Lete betri moja. Moja, siyo mbili.
Maana ziko zinazotaka jozi, ukiweka moja zinanuna;
zinalisha wawili sahani moja,
huyu ana njaa, yule kashiba,
wote wanaambiwa kuleni.
Akaweka moja. Taa moja ikawaka, tatu kimya.
Sasa lete ya kutupa, ile ya saa ya ukutani.
Akasita. Akaweka.
Taa ikapepesa mbio mbio, ikakataa katakata,
na Shelukindo akacheka
kana kwamba mtihani kaufaulu yeye.

"Ila inakwenda pole pole," akaonya.
Mimi nakimbilia wapi? Harusi ni Jumamosi.
Elfu thelathini. Thelathini na nne.
Akatazama barabarani
kana kwamba bei inapita huko na baiskeli.
Thelathini na mbili, nikasema,
na hii betri ya kujaribia haitoki mkononi mwangu.

LUKU imepungua elfu mbili. Tutapiga pasi Ijumaa.

Usiku, Makorora, nikazipa namba kwa rangi ya kucha:
moja, mbili, tatu, nne, na mgeni, tano.
Nne za zamani zikaingia kwanza.
Ya pili ikawa kijani tukiwa bado tunakula.
Halafu ya kwanza. Halafu, kwa kujivuta, ya nne.
Ya tatu ikapepesa.
Nikaitoa, nikaifuta kwa pindo la kanga, nikairudisha.
Ikapepesa.
Miezi yote hii nazitukana nne
kwa ugonjwa wa moja.
Nimeitia kwenye kopo la maziwa, pamoja na wafu wenzake;
jalalani siipeleki, mvua za huku zinajua njia ya kisima.

Jumanne nikampigia Mwanamkasi, ulimi mzito.
"Njoo," akasema. "Mwenyewe yuko zamu, kiwandani Pongwe."
Akajitanda shela jikoni, vidole vinanuka vitunguu,
akalifunua mwenyewe.
Flashi, wacha wewe! Ukuta ukawa maziwa,
sufuria zote zikageuka kutazama.
Ukumbini aliinamisha uso, kama alivyofundwa.
Hapa alicheka, meno yote, na pengo lake.

Shangazi amechukua nakala mbili.
Bado hajasema kitu.