Nafasi Moja Tu

Saa nane usiku, Dundee, chini ya maktaba.
Hita imezimwa kubana matumizi;
nimevaa koti na glovu zilizokatwa vidole.
Callum yuko mlangoni, hana rangi usoni:
"Keri, nilibonyeza nafasi moja tu."

Moja tu, kati ya mkwaju na jina la saraka.
Amri ya kufuta haiulizi ulimaanisha nini.
Iliona mwanya, ikapita,
ikaanzia mzizini.

Kwetu neno hilo hilo, nafasi,
hubeba pengo na hubeba bahati.
Mashine inajua pengo.

Hakuna aliyepoteza picha ya harusi.
Zimekwenda zile faili asizozisoma mtu,
za kuiambia kompyuta jina lake,
ifuate saa ya wapi,
nani ana ufunguo, nani mgeni.
Sasa feni inazunguka tu.
Naiuliza wewe nani, inanyamaza.

Naiamsha kwa flashi.
Hakuna kipanya, hakuna vidirisha,
skrini nyeusi na kistari kinachopepesa.
Napachika diski ya chelezo,
chelezo ya Jumapili, iliyokuja kwa teksi kutoka Perth,
ile ile iliyoitwa kikaoni gharama isiyo na tija.
Akiba haiozi, nilisema.
Walicheka, au walikohoa.

Nakili. Tunza wamiliki, tunza ruhusa, tunza tarehe.
Kwanza kwa majaribio, bila kugusa kitu;
naifuata orodha kwa kidole kama mtoto wa chuoni.
Kisha kwa kweli.
Mistari inashuka, inashuka.
Callum ameleta chai. Kasahau sukari. Simwambii.

Saa kumi na robo mashine inataja jina lake.
Naita orodha ya watumiaji:
wote wamo.
Na Bwana Farquhar yumo,
wa dawati la ramani, tuliyemzika Jumatatu,
niliyemfuta Jumanne kwa mkono huu.

Chelezo haikupata habari za msiba.
Kwake bado ni Jumapili, mzee ana ufunguo wake
na kikumbusho chake cha kila Alhamisi:
*mwagilia maua ya dirishani.*

Namsogezea Callum kibodi.
Anaandika amri ya kufuta, jina moja.
Anaisoma kwa sauti, anahesabu nafasi,
anaisoma tena.
Kidole kimesimama juu ya kitufe.

"Alhamisi ni leo," anasema.