Nusu ya Jina

Nilishuka garimoshi Kisumu na masanduku mawili:
langu, lenye kufuli,
na la Ndeda, lililofungwa kwa kamba ya hema.
Askari wa stesheni alinipigia saluti.
Sikuijibu. Mikono ilikuwa imebeba,
ndivyo nilivyojiambia.

Kwetu Maragoli walichinja.
Mama alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka,
wajomba wakapokezana kofia yangu ya keya,
na watoto wa mlima mzima wakataka kuonyeshwa kovu.

Sina kovu.

Wahenga walisema kicheko huenda kwa mwoga.
Hawakusema mwoga aketi wapi kicheko kikifika,
sahani ya nyama aishike kwa mkono upi.

Kule Bama mvua ilikuwa kama ya huku,
ya saa tisa, ya kupiga mawe hadi yanuke.
Nikadanganyika. Nilidhani
nchi yenye mvua niijuayo haiwezi kuniua.

Gwarideni sajini alizoea kunitania:
"Kisia! Usikisie, lenga!"
Kikosi kilicheka, Ndeda kuwashinda wote.
Siku ile sikukisia wala sikulenga.
Nilijipenyeza chini ya mzizi, uso topeni,
mkojo ukanishuka mapajani, wa moto,
nami nikaufurahia,
ndiyo, nikaufurahia,
maana maiti hakojoi.

Ndeda alikuwa hatua ishirini na mbili.
(Nilizihesabu kesho yake,
zilipokuwa hazina kazi tena.)
"Kisia."
Kimya.
"Kisia!"
Nikauma mkanda wa bunduki.
Mara ya tatu ilikuja nusu:
"Kisi—"

Nusu hiyo nimeivusha bahari.
Hunikuta nikifunga viatu.
Hunikuta nikinawa.

Sasa nimesimama uani kwa Kageha, mamake.
Ameanika mtama mkekani, juu ya lile jiwe
ambalo mimi na Ndeda tuliteleza tukachana kaptura.
Ni mtu wa kanisa la Marafiki,
wale wanaoketi kimya mpaka neno lijilete.
Anaketi. Naketi.
Sanduku liko kati yetu,
kuku anadonoa kamba ya hema.
Njia nzima nimekariri uongo:
hakuteseka, mama, hakusema kitu.

"Aliogopa?"

"Aliniita," nasema.
Hapo ningeweza kunyamaza.
"Nilimsikia, mama. Zote tatu.
Nilikuwa mzima. Sikutoka."

Hapigi yowe. Hanilaani.
Wala haniambii yamepita.
Anaitazama kamba ile kwa muda mrefu,
fundo langu baya, la mtu aliyefunga akitetemeka.
Kisha anatazama upande wa ziwa,
ambako wingu limeanza kupanda.
Anainuka, magoti yakilia.

"Kisia," anaita,
jina zima, mpaka mwisho wake,
"shika upande ule wa mkeka."

Mtama unamwagika, mikono haitulii.
Tone la kwanza linalipiga jiwe.
Nashika.