Kopo Moja la Gesi

Julai, Uyole. Sakitu imepita usiku kwenye viazi
na majani yameamka meusi, kama yaliyomwagiwa chai ya moto.
Nami nimefungua boneti ya Carina ya baba:
nataka kuitia ubaridi.

"Tumpe," anaita jirani, kitenge juu ya sweta juu ya sweta,
"ubaridi upi tena? Si ushushe kioo,
Mungu anaugawa bure!"
Anacheka mpaka pumzi yake inamfunika uso.

Simjibu. Kopo nimelitoa Mwanjelwa,
kwa kijana anayeuza pia betri za redio na dawa ya kunguni,
pamoja na mpira mfupi wenye geji ya rangi.
Fundi Lusekelo alitaka elfu themanini
na gari lilale kwake.
Gari la marehemu halilali ugenini, nikamwambia.
Akadhani ni mila.
Ilikuwa ni hela.

Juzi nilipaka povu la sabuni kila kiungo,
nikainama kama anayesikiliza mtoto mwenye homa.
Hakuna lililotutumka.
Imevuja polepole, basi, mwaka kwa mwaka,
kama watu wanavyosahau.

Asubuhi sikuigusa: baridi nayo hushusha mshale,
ungejaza ukidhani kuna njaa kumbe ni usingizi.
Nikangoja jua la saa sita.
Bomba ni mawili, nene na jembamba.
Mpira huingia kwenye nene tu; kwenye jembamba unakataa,
ufunguo kwenye mlango wa mwenzio,
na ashukuriwe aliyeunda ukataaji huo.

Glavu za kuvunia viazi. Miwani ya baba ya kusomea,
maana macho hayana spea
na gesi hii ikikurukia inakuunguza kwa baridi,
ile ile kazi ya sakitu.
Injini inanguruma, feni mwisho, milango wazi.
Nageuza koki.
Kopo linatikisika kiganjani, linaganda,
linaota ukungu kama chupa ya soda ya sikukuu.
Mshale unasitasita. Unapanda.
Kisha huko ndani, tak:
kompresa imeshika.

Kijana wa duka alisema, maliza lote, dada, umelilipia.
Mshale ulipoingia kijani nikafunga.
Kilichobaki kibaki.

*

Ukitoka hapa kwenda Tukuyu, pale Isyonje,
mawingu hushuka barabarani na kutembea kama ng'ombe wasio na mchungaji.
Tulikuwa watano ndani, na mkungu wa ndizi, sote tukipumua.
Kioo kikawa maziwa.
Baba akaendesha kwa mkono mmoja,
wa pili ukifuta kwa kofia, ukifuta, ukifuta,
na taa za lori zikija kama mayai mawili yasiyoiva.
Kitufe kilikuwepo, kimechorwa kitu kama nyota.
"Hicho cha matajiri wa Dar," alisema, "kinakunywa mafuta."
Hakuna aliyemwambia kwamba kinakausha hewa,
kwamba kioo kingefunguka chenyewe.

Hakufa barabarani. Alifia kitandani, presha,
wodi namba tatu, dirisha linatazama Loleza.
Lakini siku mbili za mwisho mkono wake wa kulia
ulikuwa ukifuta hewa mbele ya uso.
Nesi akasema anafukuza nzi.
Julai. Nzi gani?

*

Nimefunga milango, nimekaa kiti chake.
Nalipumulia kioo, pumzi ndefu, ya makusudi,
mpaka mlima unapotea, na jirani, na viazi vilivyoungua.
Nabonyeza nyota.
Ukungu unaanza kurudi nyuma kutoka chini,
kwanza ukucha, kisha kiganja,
na jirani anatokea akiwa bado amesimama palepale.

Anasogea, anaingiza kidole kwenye tundu la hewa, anakitoa haraka.
"Mh," anasema. "Kali."
Kisha, akivuta kitenge:
"Kesho mnapita Isyonje saa ngapi?
Nina mzigo wa mama."