Pishi za Mtama

Nimehesabu mizigo Kilindini miaka thelathini na mmoja:
chai, saruji, mitumba, magari yaliyong'olewa usukani.
Nikipewa karatasi, kwanza natazama jumla,
kisha namtafuta mwizi.

Daftari hili lilitoka darini, nyumba ya Kibokoni.
Mchwa wamekula vita vyenyewe,
wameacha lishe.
Aliyeandika ni Mwidani bin Kombo, babu wa bibi yangu,
mtunza farasi wa upande uliokuwa nje ya ngome
mwaka ule wenye mji walipogawana risasi
kama wagawanavyo mirathi:
kwa kelele, na mbele ya mashahidi.

Farasi thelathini na wawili, wametoka Maskati.
Pishi mbili kwa kila kichwa.
Kila mmoja ana jina lake: Ghubari, Marjani, Nuhasi,
Shamali mwenye doa la paji, *huyu huuma*.
Chumvi. Kamba. Nyasi za Changamwe,
zilizovushwa Makupa maji yakiwa yamekupwa.

Siku ya kwanza, pishi sitini na nne.
Wakatumwa Mwache kukata njia ya chakula.
Jemadari Shahdad alivaa buti mpya;
Mwidani kaliandika hilo, sijui kwa nini.
Siku ya tisa, pishi hamsini.
Siku ya kumi na nne, ishirini na mbili.
Mapigano hayakutajwa.
Hata mkuki mmoja haukutajwa.
Nikajumlisha, nikatoa, nikarudia,
nikamshuku Mwidani mwenyewe, Mungu anisamehe,
kwamba mtama aliuza Jomvu,
mpaka nikaona pembeni, kwa mwandiko mdogo
kama wa mtu aonaye haya:
*mbung'o*.

Inzi.
Hatamu zenye vifundo vya fedha, na inzi.
Siku ya ishirini, pishi mbili.
Ni Shamali huyo, bado anauma.
Siku ya ishirini na moja mstari mtupu,
na wapanda farasi wakarudi mjini kwa miguu,
matandiko vichwani
kama wanawake watokao kisimani.

Basi vita vikabaki kwa wale waliokuwa wakitembea tangu mwanzo.
Wa ndani na wa nje, ukuta katikati,
baruti imelowa, njaa haijalowa.
Usiku wakarushiana maneno. Mwidani amenakili mawili
nyuma ya hesabu ya chumvi. La nje:

  Mwana wa mama, sikia,
  ukuta twauridhia,
  ndani umejifungia
  na ufunguo ni wetu.

Na la ndani, likajibu:

  Ufunguo shikilia,
  lango tumelifukia;
  mama akitulilia
  machoziye ni ya kwetu.

Baada ya hapo, anasema, kulikuwa kimya hadi alfajiri,
na mtu mmoja wa nje alilala kausogelea ukuta,
mgongo kauegemeza.

Ukurasa wa mwisho ni jumla. Mkono wangu unaijua kazi hii.
*Farasi: thelathini na wawili, wamekufa wote.*
*Matandiko: thelathini na mawili, mazima.*
*Watu wa miguu:*
na mbele yake, badala ya tarakimu,
*wengi.*

Miaka thelathini na mmoja bandarini
sijapata kuona gunia likiandikwa "mengi".
Ningelirudisha karatasi. Ningemwita karani,
ningemuuliza: wengi ni wangapi, bwana,
na pishi zao ziko wapi?

Bibi alilijua jina moja tu, Faki wa Mwanashamba,
fundi wa makuti, shemeji yake Mwidani,
aliyekuwa ndani.
Hakutoka na waliotoka.
Nimeliandika kando ya lile neno,
kwa penseli;
wino nauogopa.
Halafu nikakaa, daftari magotini,
nikitafuta namba ya kutoa moja kwenye wengi.