Ile Mbio Uizime

Kompyuta ya Ushirika wa Karafuu, Wete,
kila asubuhi huamka Jumanne,
tarehe mosi Januari, mwaka wa themanini.
Betri yake ya ndani ilikufa zamani.
Naiambia leo ni lini, inakubali.
Umeme wa Wesha ukikatika, inasahau.

Siku ya nne hii, mimi na yeye.
Daftari zililiwa na mchwa,
diski kuu ilikoroma wiki moja ikanyamaza,
imebaki kanda, nzito kiganjani,
lebo yake kwa wino wa kijani:
*Vuno la 96. Usiguse. Raya.*

Programu yafunguka vizuri tu, buluu tupu.
Nabonyeza. Kiendeshi kinavuta pumzi,
mbele, nyuma, mbele,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani,
kisha maandishi: *Hakuna kiendeshi.*
Hakuna! Nami nakisikia kinahema.

Nimeng'oa kadi ya sauti, huenda wanagombea njia moja.
Nimeazima waya wa disketi skuli ya jirani.
Kigurudumu cha mpira kililainika kama halua ya juzi;
nimekikwangua, nikakivisha kipande
cha mrija wa dripu kutoka hospitali.
*Hakuna kiendeshi.*

Na kila saa nne, Faki Ngwali mlangoni.
"Magunia kumi na moja, mwanangu.
Sikuona hata thumuni."
Anakaa benchini, anajipepea kwa cheti cha kliniki.

Bi Raya Shaame ametangulia, Mungu amrehemu,
lakini siku ya kwanza, ndani ya kifuniko cha mashine,
nilikuta karatasi kaibandika kwa plasta ya kidonda:

    *Kikigoma kuisoma, kichwa chake kitazame,*
    *Kifute kwa pamba njema, ngoja hata kiwe kame,*
    *Kama bado chakoroma, waya wake usukume,*
    *Ukishindwa, rudi nyuma: ile mbio uizime.*

Nikafuta. Nikangoja. Nikasukuma.
Mstari wa mwisho niliuona wasia tu,
Bi Raya na tabia yake ya kumrudi mtu kwa vina.
Methali aliyoikusudia sikuitaji, unaijua.
Nikawa nabonyeza kwa staha, kidole kimoja,
na natembea polepole mle ofisini kama bi harusi.

Leo bisibisi imeniponyoka.
Nimeinama kuitafuta, jicho likawa sawa na kitufe
kando ya swichi, herufi zimefutika,
zimesalia mbili za mwisho: *bo*.

Turbo.
Ile mbio!

Programu ya kizamani hii, imezoea mashine za kizamani.
Ikipandishwa juu ya mashine ya kasi
hupiga hodi mara tatu kwa pupa
ikaondoka kabla mwenyewe hajafika mlangoni.
Nikabonyeza. Taa ya njano ikazimika.
Hodi.

Kanda ikaitikia karibu.

Majina yakateremka, Asaa, Bakar, Chumu.
Kwenye D pana shimo: watu tisa hawasomeki,
nimejaribu mara sita, nimewaruka, sijui nitawaambia nini.
Kisha:
*Faki Ngwali Hamad. Magunia 11. Amelipwa.*
*Aliyepokea: mkewe, Mwache.*

Hakubisha. Aliniomba nimsomee tena,
jina tu.
"Kumbe ndiyo yale mabati," akasema.
"Mimi kaniambia katumiwa na kaka yake, Tanga."
Akatazama dari yetu, ya mbao,
kama paa lake liko hapo.
Akaondoka; cheti kakisahau benchini.

Nimenakili kanda mara mbili, moja itakaa Chake.
Lebo mpya nimeandika kwa wino mweusi, wa kijani sina.
Programu imeniuliza: tarehe ni sahihi?
Nimeiacha ilivyo.
Jumanne, mosi Januari, themanini,
na Mwache hajaolewa bado.