Tofali la Chai

Baba alirudi kutoka Irkutsk mwaka wa sabini na mbili
na shahada, na kofia ya manyoya isiyo na kazi Temeke,
na tofali la chai.

Jeusi. Gumu kama kisigino cha mpagazi.
Mama alilitumia kuzuia mlango wa jiko.

Alipewa na Dorji, Mburiati aliyelala naye chumba kimoja,
mtu wa uso mpana na maneno ya kuhesabu.
Kwetu, alisema, hili lilikuwa pesa.
Unavunja pembe, unalipa kondoo.
Ukikosa cha kununua, unachemsha fedha yako
kwa maziwa na chumvi, unainywa.

Chumvi! Mama aliguna.

Umeme ukikatika, baba alitufundisha
(mwalimu wa historia, hakujua kunyamaza)
habari za Kyakhta: huku Warusi na ngozi zao,
kule Wachina na chai,
katikati boma la mbao na lango.
Wakaunda lugha ya dukani, nusu yangu nusu yako,
vitenzi visivyojua jana wala kesho.

Na kabla ya hapo Nerchinsk,
mahema yakitazamana kando ya mto.
Wajumbe wa mfalme huyu na wa mfalme yule
wakaafikiana kwa Kilatini, lugha ya mapadre,
ambayo pale hapakuwa na farasi hata mmoja wa kuiitikia.
Mpaka ukafuata mito, ukapanda vilele.
Waliochunga pale waliambiwa baadaye.

Nikajibu kama mtoto aliyekariri methali:
wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Baba akatikisa kichwa.
Siku ile, Chausiku, fahali hawakupigana.
Walikaa. Waliandikiana. Walipeana zawadi.
Nyasi zikaumia hadi upeo wa macho.

Sasa napiga hesabu Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe,
kwa Bibi Hou, mtu wa Shanxi, muuza vitasa,
mwenye Kiswahili chake mwenyewe:
"Wewe chukua nyingi, mimi shusha."
Mteja wa Tunduma humjibu kwa hichohicho:
"Mimi chukua, wewe shusha tena."
Nami katikati, na kikokotoo.

Juzi nilimpelekea lile tofali, kumwonyesha tu.
Akaligeuza. Akalinusa, akafumba macho,
kisha akaliweka juu ya mzani wa misumari.
"Babu ya babu," akasema. "Ngamia. Mbali."
Akanyoosha mkono akidhani ni kaskazini;
ulielekea Jangwani.
Halafu: "Bei gani?"

Nililifunga tena kwenye gazeti.

Usiku nikavunja pembe kwa nyundo,
nikachemsha, nikatia maziwa, nikatia chumvi.
Ilinuka moshi na stoo.
Wanangu waliguna sauti ya bibi yao.
Nilimaliza kikombe peke yangu, nikifikiri
kwamba baba hakuwahi kusema
malisho ya kina Dorji yaliangukia upande gani,
nami, na maswali yangu yote yale,
sikuuliza.